Mwanga wa Salamu Maria Moja

Watu wengi hudhani picha hutengenezwa na yule anayeshika kamera. Si kweli. Picha nyeusi na nyeupe hutengenezwa gizani, na mtu ambaye mteja hamwoni, na mtu huyo akiamua kukubadilisha sura, utabadilika upende usipende. Mimi nilikuwa mtu huyo, katika studio moja nyuma ya soko la Gisenyi, miaka ile ya mwisho ya tisini. Naijua kazi. Na kwa kuwa naijua, nikikumbuka walichomfanyia dada yangu kwa mashine niliyokuwa nikiifuta vumbi kila asubuhi, damu inanichemka mpaka leo, na sitaki mtu aniambie ni mambo ya zamani.

Chumba chetu cha giza kilikuwa stoo ya zamani ya mkaa. Kuta zilipakwa rangi nyeusi, lakini hata bila rangi zingekuwa nyeusi. Mezani ilisimama mashine ya kukuzia picha: juu kabisa taa ndani ya kopo lake, chini ya taa negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, chini ya negativu lenzi, na chini ya lenzi karatasi inayongoja. Taa ikiwaka, uso wa mtu unashuka kutoka kwenye negativu na kulala juu ya karatasi. Kwenye lenzi kulikuwa na pete. Ukiizungusha kidogo unasikia mlio, tik, na mwanga unapungua nusu. Ukiirudisha, tik, mwanga unakuwa mara mbili. Kazi yote ilikuwa pale, kwenye ile pete. Mengine yalikuwa maji na dawa.

Saa ya kuhesabia ilikuwa imekufa kabla sijaajiriwa. Patron, mwenye studio, alikuwa Mkatoliki wa kweli, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya, na alipima muda kwa kusali. Picha ndogo ya kitambulisho ilikuwa Salamu Maria mbili, bila haraka, na "Amina" ndipo unapozima taa. Picha ya ukutani ilikuwa nne, wakati mwingine tano. Nilicheka siku ya kwanza, nikaacha kucheka siku ya pili, maana sala ilikuwa haikosei. Kilichokosea ni umeme. Jirani yetu alikuwa na kinu cha kusaga mahindi, na kila alipokiwasha, taa ya mashine ilinywea. Ukisikia kinu kinaanza kuunguruma katikati ya sala, unaongeza maneno au unafungua pete, kisha unamwomba Mungu akusamehe kwa kuichezea Salamu Maria. Nilijifunza kusikiliza ukuta huku nikiangalia karatasi. Nilikuwa hodari, na sioni aibu kulisema.

Sasa kuna jambo ambalo lazima mtu alielewe, la sivyo hatanielewa nimekasirikia nini. Karatasi ya picha ni mbishi. Inapopigwa na mwanga ndipo inapokuwa nyeusi. Ukitaka mtu atoke mweusi, mpe mwanga. Ukitaka atoke mweupe, mnyime. Wateja hawakulijua hilo, na hawakuwa na sababu ya kulijua. Walisimama kwenye kaunta, wakaitazama sura yao, wakasema neno lile lile, kila siku, kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa: "Ongeza lumière." Yaani mwanga, wakimaanisha niwafanye weupe. Nilikuwa naitikia "ndiyo mama, ndiyo mzee", naenda gizani kupunguza.

Patron alikuwa na sheria yake: kila mtu atoke pale mweupe kidogo kuliko alivyoingia. Askari, mwalimu, muuza samaki wadogo wa sambaza, bibi harusi, wote. Alisema akinipiga bega, "Mutu hakuje hapa kutafuta ukweli, mutoto yangu. Anakuja kutafuta picha." Akacheka. Kwa picha za kitambulisho nilinyamaza. Nani anajiangalia kwenye kitambulisho? Lakini nilikuwa naona jinsi watu wanavyolipa wakiwa wametabasamu, wakijiangalia kama mtu aliyepewa habari njema kuhusu yeye mwenyewe, na kitu kilikuwa kinaniuma ambacho bado sikuwa na jina lake.

Dada yangu ni mweusi. Nasema hivyo kama ninavyoweza kusema ni mrefu. Ni mweusi wa kung'aa, weusi ambao jua likimpiga paji la uso unaona kama bluu kidogo pembeni. Wazazi wetu walikufa tukiwa Goma, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, tukalelewa na shangazi, dada wa baba, na baada ya vita tukavuka naye mpaka kuja kukaa upande huu wa Rwanda ambao wakubwa walikuwa wakiuita nyumbani. Shangazi aliuza vitenge. Kila asubuhi alivuka kwenda Goma, kila jioni alirudi na mzigo na habari. Dada alipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja kando ya ziwa, kwa sababu ya Kifaransa chake na kwa sababu ya sauti yake. Wageni walikuwa wanapiga simu mara ya pili ili tu wamsikie akisema "allô". Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye kicheko kilichojificha mwishoni.

Jioni moja shangazi alirudi kutoka Goma akaanza habari hata mzigo hajautua. Kulikuwa na mama mmoja sokoni, mteja wake wa siku nyingi, ana kijana Ubelgiji. Kijana ana kazi, ana karatasi za kukaa kule, anataka mke wa huku, mwenye kujua mila. Mama anataka picha.

"Picha muzuri," shangazi alisema, akimtazama dada kutoka utosini hadi kwenye kandambili. "Ile ya kuonesha."

Ya rangi ilikuwa na shida. Filamu za rangi zilipelekwa Kigali kusafishwa, na barabara ya miaka ile, kwa hatari zake, kila mtu aliyekuwepo anaijua. Ungeweza kungoja picha mpaka bwana harusi akazeeka. Basi iwe nyeusi na nyeupe, kwa patron wangu. Patron mwenyewe alimpiga, amekaa kwenye kigoda mbele ya pazia, amevaa blauzi nyeupe ya kufuma. Akanikabidhi filamu. Nikaisafisha, nikaiweka mashineni.

Nataka kuieleza ile picha, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuisifu na nadhani ilistahili. Uso mweusi na blauzi nyeupe ni watu wawili wasiopatana. Mwanga unaomtosha mmoja unamuua mwenzake. Ukiachia taa mpaka blauzi ionyeshe nyuzi zake, uso umezama. Ukiuokoa uso, blauzi inakuwa karatasi tupu. Nikafunga pete, tik, tik, mpaka mwanga ukawa mdogo na mtulivu, kwa sababu mwanga mdogo unakupa muda, na muda unakupa nafasi ya kutumia mikono. Nilisali Salamu Maria tatu. Katika mbili za kwanza niliacha uso wote upate mwanga wake. Katika ya tatu nilishika kipande cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya, nikaufunika uso, nikikitikisa kidogo ili kisiache alama, blauzi ipate nyongeza yake peke yake. Jirani hakuwasha kinu. Nikaitia karatasi kwenye dawa, na chini ya taa nyekundu dada yangu akaja taratibu: kwanza nywele, kisha macho, kisha ile nuru juu ya paji, kivuli chini ya taya, na kila uzi wa blauzi. Alikuwa ni yeye. Nikacheka peke yangu mle ndani.

Kesho yake shangazi aliishika kwa vidole viwili, kama nguo ya mtu mwingine.

"Haiko na mwanga," alisema. "Iko mweusi sana. Ongeza lumière."

"Shangazi, nikiongeza itakuwa nyeusi zaidi. Kwa mashine, mwanga mingi inaleta weusi."

"Unanifundisha? Mwanga ni mwanga! Ongeza!"

Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira huwa mtiifu. Nilirudi ndani, nikafungua pete, tik moja, mwanga mara mbili, sala zile zile tatu. Nikamletea ikiwa bado inadondosha maji. Blauzi ilikuwa ya kijivu, nzuri, ungeweza kuhesabu nyuzi. Dada hakuwepo. Palikuwa na macho na meno, basi. Shangazi alivua kiatu. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walisogea pembeni kumpa nafasi, na akanipiga nacho begani mbele yao, mimi mwanaume mwenye ndevu.

"Unachekelea bahati ya dada yako!" alipiga kelele. "Patron! Patron, kuja uone huyu mupumbavu!"

Patron alikuja akifuta mikono. Alizitazama picha zote mbili, na najua aliijua iliyo nzuri, kwa sababu alikaa nayo kidogo, akaikuna pembeni kwa kucha. Kisha akaiweka chini. Akamwambia shangazi, "Mama, keti, kunywa chai." Akaingia mwenyewe chumba cha giza, nami nyuma yake. Hakuifunga pete kwa ajili ya muda. Aliifunga kwa ajili ya kunyima. Akakunja kiganja chake kile kinene juu ya uso wa dada yangu, akawasha taa, na akasali. Salamu Maria moja. Nyumbani kwetu mtu hawezi hata kubariki chai kwa muda ule.

"Moja tu, patron?"

"Moja inamutosha," alisema. "Bikira ataelewa."

Mwanamke aliyetoka kwenye dawa alikuwa mzuri, sikatai. Alikuwa mweupe kama binti wa mtu mwingine. Pua ilikuwa imeyeyuka kidogo, taya halikuwa na kivuli, na blauzi ilikuwa imetoweka kabisa, hivyo kichwa kilikuwa kinaelea juu ya utupu. Patron alichukua penseli akarudishia nyusi. Shangazi alipoiona alishika kifua. "Ndiyo!" alisema. "Sasa ndio munaona mutoto wangu. Brune kabisa, mweupe!" Aliagiza mbili, moja ya Ubelgiji, moja ya sebuleni, akaichukua na negativu pia, akaifunga ndani ya kitambaa cha pesa. Ile yangu ya kweli aliichana vipande vinne pale pale kwenye kaunta, bila chuki, kama mtu anayechana bahasha.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Shangazi alikuwa na chema nyumbani kwake, akaenda kutembeza kibaya. Hicho ndicho siwezi kumsamehe. Angekuwa na binti mwenye kasoro nikamwona anaificha, ningesema ni mapenzi ya mzazi. Lakini alificha kitu ambacho hakikuwa kasoro, na kwa kukificha akakifanya kasoro.

Dada alipokuta picha imetundikwa sebuleni alisimama mbele yake na mkoba begani. "Nani uyu?" aliuliza. Alidhani ni mtoto wa rafiki wa shangazi. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akaenda kuitazama tena kwa karibu, na akajishika shavu bila kujua. Nilimwona. Laiti patron angekuwepo aone mkono ule.

Jibu la Ubelgiji lilikuja kwa simu. Kijana alipewa namba ya hoteli, na akapiga. Mara ya kwanza walizungumza juu ya mvua. Mara ya pili, dada alinisimulia, kijana alimwuliza kama ziwa bado linanuka samaki asubuhi pale Rubona, kwa sababu utotoni aliwahi kuja huko na baba yake, na hajasahau. Kuanzia hapo akawa anapiga kila zamu ya mchana. Dada alianza kurudi nyumbani akiwa na haraka ya kusimulia. Kijana ni mpole. Kijana anajua kupika. Kijana amecheka vile. Sikuwahi kumwona dada yangu hivyo, na ninasema wazi: alimpenda. Hakuipenda Ubelgiji. Shangazi ndiye aliyeipenda Ubelgiji.

Na alimwambia. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye watu walisema dada yangu alimdanganya mtu. Nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea mwavuli, nimesimama pale pale kwenye kaunta ya mapokezi, na nikamsikia kwa masikio yangu.

"Unajua mi ni mweusi?" alimwambia. "Mweusi sana. Ile picha, studio ndiyo ilifanya vile."

Akasikiliza. Akatabasamu, lakini tabasamu la mtu ambaye hakusikika.

"Anasema nini?" nilimwuliza alipoweka simu.

"Anasema niache kujishusha. Anasema wasichana bazuri ndivyo banasemaka." Akakunja mwavuli ambao ulikuwa umeshakunjwa. "Anasema picha haidanganyake."

Picha haidanganyi! Aliyesema maneno hayo kwanza hajawahi kusimama chini ya taa nyekundu. Mimi nimeona picha ikidanganya mara nyingi kwa siku, nikiishikilia mwenyewe kwa koleo. Nilitaka kumnyang'anya simu nimweleze kuhusu pete, kuhusu kiganja cha patron, kuhusu Salamu Maria moja. Lakini laini ilikuwa imekatika, na mgeni alikuwa anataka ufunguo wa chumba chake.

Siku ya kuja kumwomba ilipopangwa, shangazi alirudi kutoka Goma na kopo. Alilifunika kwa kitenge kana kwamba ni dawa ya aibu, na ilikuwa ni dawa ya aibu. Mukorogo. Kila mtu upande ule na upande huu anajua mukorogo ni nini: mafuta ya kujichubua, yaliyochanganywa na vitu anavyovijua Mungu tu.

"Asubuhi na jioni," alimwambia dada. "Ufanane na picha yako."

Nilisimama. Nilimwambia shangazi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwa sauti ya juu, kwamba picha hutengenezwa ifanane na mtu, si mtu atengenezwe afanane na picha. Nilimwambia kama anataka mtu mweupe, amwoze bwana harusi ile karatasi yenyewe. Aliniambia ninyamaze, mambo ya wanawake siyajui, na kwamba baba yetu angekuwa hai angenilaani. Huyo ndiye shangazi: akikosa hoja anawaamsha marehemu.

Dada alijipaka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kiatu cha begani. Hakuwa mjinga. Alikuwa na mtu aliyempenda, na mtu yule alikuwa anampenda mwanamke wa ukutani, naye akataka kwenda kukutana naye katikati ya njia. Haikuchukua muda shavu la kushoto likaungua. Ngozi ilibambuka karibu na sikio, ikawa nyekundu, kisha ikarudi nyeusi kuliko mwanzo, na baka. Asubuhi moja alilichukua kopo lote akalitupa chooni, akarudi, akajipaka mafuta ya kawaida, akaenda kazini. "Basi," aliniambia. "Mutu anakuja na macho yake. Ataniona." Shangazi alipogundua alilia kama aliyeibiwa.

Kijana aliteremka Kigali kwa ndege, akaja, akavuka kwenda kwao Goma. Dada aliomba waonane kwanza, hata kwa dakika, hata hotelini mbele ya watu. Shangazi alikataa. Eti mila. Eti bibi harusi haonekani kabla ya siku. Mtu aliyemfunika mtoto wake kwa kiganja cha patron sasa alikuwa anajificha nyuma ya mila.

Kwa wale wasiojua, kwetu siku ya kuomba binti ni siku ya maneno. Upande wa bwana harusi una mzee wao msemaji, upande wa bibi harusi una wake, na wanachokozana mpaka watu wanashika mbavu. "Hatuna binti hapa." "Tunaye, lakini ameshaolewa." Kisha wanatolewa wasichana wengine, na wageni wanakataa: si huyu, si huyu, tuletee wetu. Ni mchezo. Kila mtu anajua mwisho wake.

Turubai lilifungwa uani kwa shangazi. Upande wao walikaa mstari, watu wa Goma na suti zao, na kijana katikati: mwembamba, mwenye miwani, akikausha viganja kwenye suruali. Uso wake ulikuwa mwema, nilitaka kumchukia nikashindwa. Patron alikuwepo pia, mgeni wa heshima, na chupa mkononi. Mimi nilikuwa na kamera.

Wakatolewa wasichana wa kwanza, binamu zetu. Mzee wa upande wao alisimama na fimbo yake.

"Hapana. Bazuri, lakini si betu."

Watu wakacheka. Wakatolewa wengine. "Hapana, hawa mubakie nabo, musije mukabaki na nyumba tupu." Vicheko, vigelegele. Kisha nyimbo zikabadilika, na dada yangu akatoka ndani kwa mushanana, vazi letu la sherehe, la rangi ya dhahabu, mabega wazi, mweusi, na baka lake shavuni ambalo hakulifunika kwa poda. Nilisahau kupiga picha. Alimtafuta kijana kwa macho, akampata, akatabasamu.

Mzee alimtazama. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa picha, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hapana," alisema. "Bon, mumetuchezea ya kutosha. Uyu pia si yeye. Mutuletee yetu."

Ua wote ulilipuka kwa kicheko. Hakuna mzaha uliochekwa vile siku ile. Msemaji wetu alifuta machozi akajibu, "Mzee, uyu ndiye wa mwisho, tukitoa mwengine itabidi tutoe mama mwenye nyumba!" Wakacheka tena. Mzee hakucheka. Aliinua picha juu. "Mi niko na picha hapa," alisema, sasa kwa sauti ya mtu anayedai haki. "Uyu hapa ndiye tulikuja kuchukua." Akampa aliyekaa karibu naye, naye akampa wa pili. Picha ikatembea kwenye mstari, na kicheko kikawa kinakufa mtu mmoja mmoja inapopita, mpaka ikabaki sauti ya spika tu, na mtu akaizima.

Shangazi alitazama miguu yake. Patron aliitazama chupa yake. Nilimtazama kijana. Nilikuwa nasema moyoni: simama, wewe, sema ni yeye, una miguu. Alimwangalia dada yangu, akaiangalia picha iliyomfikia mkononi, akamwangalia tena, kisha akainamisha kichwa, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo hakulisomea. Nilipiga hatua. Nilikuwa nataka kumvunjia mtu kamera kichwani na nilikuwa bado sijachagua nani.

Dada alinitangulia. Alivuka ule uwazi kati ya pande mbili, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, akaichukua picha mkononi mwa kijana. Akaitazama vizuri, bila haraka. Akamrudishia mzee kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Uyu mi simujue, mzee," alisema. "Mumutafute kwa studio."

Kijana aliinua kichwa ghafla. Ilikuwa mara ya kwanza asikie ile sauti bila waya katikati. Alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Ni yeye," alisema. "Mzee, ni yeye! Ile sauti, ni yeye!" Mzee alimvuta koti akae, hakukaa. Lakini dada alikuwa ameshageuka, ameingia ndani.

Kijana alimfuata mpaka mlango wa jikoni, nami nyuma yake, hakuna aliyetuzuia. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda, mushanana umekunjwa magotini, anajipakulia wali na nyama ya wageni kwenye sahani. Kijana alisimama kizingitini anahema. Aliomba msamaha kwa Kifaransa, kisha kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili, akasema hakumtambua, akasema sasa amemwona. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu kuliko sisi sote.

"Bon, umeniona," alimwambia. "Sasa unaweza kurudi kwenu."

Akachukua kijiko, akaendelea kula.